Yamaha Blaster 200 ya mtumba: injini inayokula pistoni, na namna ya kumjua mchawi kabla hujanunua nyingine

Tangazo la Blaster ya mtumba likisema "pistoni mpya, ringi mpya, imefungwa juzi", wengi huona hiyo ni sifa. Kwetu hilo ni swali: ile ya zamani ilikufa kwa nini? Muuzaji akijibu "ilichoka tu", hajui, na kama yeye hajui, basi hiyo mpya nayo iko njiani kuifuata. Kwadi hii, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ina jina baya la kula pistoni, ingawa kwa sehemu kubwa inasingiziwa. Vyanzo vya vifo hivyo ni vichache, na karibu vyote vinapimika kwa vifaa vya bei ndogo kabla hujatoa hela ya spea.

Yamaha waliitengeneza Blaster, yaani YFS200, kuanzia 1988 hadi 2006, na soko lake kubwa lilikuwa Marekani. Muda wote huo moyo wa injini ulibaki uleule: silinda moja ya cc 195, mipigo miwili, inapoozwa kwa upepo, kipenyo milimita 66 na mwendo wa pistoni milimita 57, vali za ridi (vibati vyembamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia injini bila kurudi), kabureta ya Mikuni ya milimita 26, gia 6, kiki ya mguu, hakuna rivasi. Fundi aliyezoea mashine za boti za mipigo miwili za pwani ataielewa kwa kuitazama tu. Hedi na silinda vinatoka injini ikiwa bado imefungwa kwenye chesisi. Silinda ina slivu ya chuma, kwa hiyo inaborika na kuwekewa pistoni ya oversaizi (pana kidogo kuliko ya asili), mara nyingi kwa hatua za milimita 0.25. Hilo ni jambo kubwa, maana kwadi nyingi za kisasa zina silinda yenye utando mgumu ambao mashine ya kubori ya kawaida haiugusi. Kwa urahisi wa matengenezo tunaipa alama za juu kabisa.

Inapokosa alama ni kwenye uvumilivu. Haina maji ya kupooza, haina geji ya joto, na ulainishaji wote wa pistoni unategemea oili inayoingia pamoja na petroli. Mchanganyiko ukiwa mwembamba kidogo, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, unapoteza ubaridi na oili kwa pamoja. Injini ya mipigo minne ikikosewa hivyo huwa inalalamika kwa muda. Hii hukimbia vizuri kuliko kawaida, inakuwa nyepesi na kali, halafu inakamata.

Soma pistoni iliyokufa

Fundi anayetupa pistoni ya zamani kwenye pipa kabla ya kuikagua ametupa jibu. Iondoe bila kuisafisha, ipeleke kwenye mwanga, na uangalie mambo yafuatayo.

Mikwaruzo ikiwa upande wa egzosi peke yake, na kichwa cha pistoni kimekuwa cheupe au ukingo umeyeyuka kuelekea mdomo wa egzosi, hapo mchanganyiko ulikuwa mwembamba. Ama injini inavuta hewa mahali fulani, ama jeti (kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) ni ndogo, ama petroli haifiki ya kutosha. Hiki ndicho kifo cha kawaida zaidi cha Blaster.

Mikwaruzo ikiwa sehemu nne, miwili kila upande wa pini, pistoni ilitanuka haraka kuliko silinda. Sababu ni mwanya mdogo baada ya kubori, au dereva aliyewasha asubuhi na kuvuta resi papo hapo. Ikizunguka pistoni nzima, na beringi ya juu ya konrodi imegeuka rangi ya bluu, oili haikuwepo.

Vitundu vidogo kama vya kuchomwa na sindano kwenye ukingo wa kichwa cha pistoni na kwenye hedi ni dalili ya mlipuko usio na mpangilio. Tafuta hedi iliyochongwa kuongeza mgandamizo, petroli dhaifu, au taiming iliyosogea mbele. Kwenye Blaster angalia kipini cha flaiwili. Kikikatika nusu, flaiwili huhama kidogo, injini bado inawaka, na hakuna anayeshuku. Shimo lililotoboka katikati ya kichwa ni jambo jingine: mara nyingi plagi ni ya moto kuliko inavyotakiwa. Ya kiwandani ni NGK namba 8, B8ES au BR8ES. Usiweke 6 au 7, ambazo ni za moto zaidi, kwa sababu tu duka halina 8.

Sketi ya upande wa kabureta ikiwa imefifia, ya kijivu isiyong'aa, yenye mistari myembamba ya wima, huo ni mchanga. Vumbi linaingia kupitia eakilina, linasaga sketi hadi inakuwa nyembamba, kisha siku moja kipande kinavunjika na kudondokea kwenye kranki. Mwenye kwadi atakwambia pistoni "ilipasuka ghafla". Haikuwa ghafla. Paka grisi kidogo ndani ya mpira wa kabureta, endesha, kisha pitisha kidole: ukihisi chengachenga, eakilina haizibi vizuri, hata kama sponji yenyewe ni mpya na imepakwa oili.

Mwisho, mfereji uliochimbwa silindani sawasawa na ncha ya pini maana yake klipu ilitoka. Klipu hazirudiwi. Ukifunga mpya, uwazi wake uelekee juu au chini kabisa, kamwe usielekee pembeni.

Kipimo cha hewa

Kama pistoni imeonyesha upande wa egzosi umeungua, usiguse jeti kwanza. Ukiongeza jeti kwenye injini inayovuta hewa utaficha ugonjwa kwa muda tu, maana tundu la hewa halikai saizi moja. Sili iliyochoka (mpira unaoziba hewa kwenye ncha ya kranki) hufungua zaidi ikipata moto.

Vifaa vya kipimo hiki vinauzwa vikiwa seti, lakini unaweza kujitengenezea. Unahitaji kizibo cha mpira cha kutanuka kwa ajili ya mdomo wa egzosi, au bati la milimita 3 lenye kipande cha tyubu ya baiskeli kama gasketi. Unahitaji kizibo kingine chenye mrija kwa ajili ya mpira wa kabureta, na pampu ya mkono yenye geji ndogo. Kipimo cha presha ya damu cha mkono kinatosha kabisa: mmHg 300 ni karibu psi 5.8, na kazi hii inataka psi 6. Usizidishe 8, utazisukuma sili zitoke mahali pake.

Toa kabureta na egzosi, acha plagi imefungwa, shusha pistoni hadi chini kabisa ili njia za pembeni ziwe wazi na hewa ifike mpaka kwenye gasketi ya hedi. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: hewa isukumwe kupitia mpira wa kabureta. Ukisukuma kupitia tundu la plagi, vali za ridi zitajifunga na mpira wa kabureta hautapimwa, na mpira huo ndio mshukiwa namba moja. Kwa sababu hiyohiyo usitoe mpira na kuweka bati badala yake. Unataka mpira wenyewe uwe ndani ya kipimo, pamoja na ufa wake.

Jaza hadi psi 6, funga, subiri dakika 6. Injini nzuri haishuki, au inashuka kidogo mno. Ikipoteza zaidi ya psi 1 kwa dakika, usiiwashe. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mpira, gasketi ya ridi, gasketi ya chini ya silinda, ukingo wa hedi, mzunguko wa plagi, na mshono wa katikati wa kesi. Kama hakuna mapovu popote, twende kwenye sili za kranki.

Sili ya kushoto iko nyuma ya flaiwili na sahani ya stata. Ikivuja, inavuta hewa kavu moja kwa moja, na hii ndiyo inayoua pistoni ya pili na ya tatu kwa watu wanaobadilisha sehemu ya juu peke yake. Sili ya kulia iko upande wa klachi, nayo ikivuja injini hunywa oili ya giaboksi: moshi mweupe mzito usioisha, plagi yenye mafuta, na oili ya gia inayopungua bila kudondoka chini. Giaboksi huchukua karibu mililita 650 unapobadilisha oili. Ukimwaga ukapata nusu yake, jibu unalo. Wakati wa kipimo, chomeka mrija kwenye tundu la kupumulia la giaboksi na utumbukize ncha kwenye kikombe cha maji. Mapovu yakitoka, sili ya kulia imekwisha.

Kisha rudia kipimo kwa kuvuta badala ya kusukuma, karibu inchi 12 za zebaki, ukiunga pampu ya kuvuta kwenye tundu la plagi, maana ukivuta kutoka kwenye kabureta ridi zitajifunga. Sili yenye mdomo uliokauka inaweza kushika shinikizo vizuri na bado ikaachia inapovutwa, na injini inayofanya kazi hufanya yote mawili kila mzunguko. Karakana nyingi huruka hatua hii. Tukipeleka kwadi kwa fundi, hili ndilo swali tunaloanza nalo: unapima kuvuta pia? Akishangaa, tunaondoka.

Sili mbili ni sehemu ndogo ya bei ya pistoni. Ya kushoto hutolewa kwa nje baada ya kuvuta flaiwili kwa pula yake. Usiigonge flaiwili kwa nyundo. Paka grisi kwenye mdomo wa sili mpya kabla ya kuipachika.

Petroli, jeti na mwinuko

Injini ikishika hewa, ndipo uje kwenye kabureta. Jeti kubwa ya kiwandani iko karibu na namba 230, na namba hiyo inadhani boksi ya hewa ina mfuniko wake na egzosi ni ya asili. Blaster nyingi za mtumba hazina hata kimoja. Mfuniko ukitolewa na egzosi ya mashindano ikafungwa, injini hiyohiyo inaweza kutaka 280, hata zaidi ya 300. Anza na jeti kubwa mno, ile inayofanya injini igugumie ukivuta resi yote, kisha shuka hatua kwa hatua hadi kugugumia kuishe, na usishuke tena baada ya hapo. Hakikisha kwa plagi mpya: endesha resi yote kwenye gia ya juu, zima ghafla huku umekamata klachi, toa plagi. Kaure ikiwa nyeupe kabisa, rudi juu. Ukiona vitone vidogo vya rangi ya fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako.

Jeti haihami na wewe. Aliyepanga jeti Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, akaipakia kwadi kwenda Mombasa, atafika na jeti ndogo, maana hewa ya usawa wa bahari ni nzito. Marekani mtego ni majira: jeti ya Julai inakuwa ndogo Novemba, kwa kuwa hewa baridi nayo ni nzito. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inapunguza utajiri wa mchanganyiko kidogo zaidi na hunyonya maji ikikaa tangini.

Kuna la kipuuzi pia, nalo huua. Tundu la kupumulia la mfuniko wa tangi likiziba, petroli hupungua baada ya dakika kadhaa za mwendo mkali, kisha ukisimama hali inarudi sawa. Toa mrija kwenye kabureta, fungua koki huku mfuniko umefungwa, tazama kama mtiririko unapungua.

Pampu ya oili: ibaki au itoke?

Pampu ya kiwandani haistahili lawama zote inazopewa. Shida ni umri: gia yake ni ya plastiki, mirija imekuwa migumu, na haina namna ya kukujulisha imekufa zaidi ya pistoni iliyokwaruzika pande zote. Kwa kwadi ya zaidi ya miaka 20, tunashauri kuchanganya kwa mkono na kufunga bati la kuziba mahali pa pampu. Lakini tundu lake la kuingizia oili upande wa kabureta lazima lizibwe vizuri. Likiachwa wazi, umeondoa hatari moja na kufungua njia ya hewa.

Kipimo chetu ni 32 kwa 1: mililita 156 za oili ya mipigo miwili kwa lita 5 za petroli, au 625 kwa lita 20. Anayeongeza oili "ili iwe salama" bila kugusa jeti anajidanganya, kwa sababu kila tone la oili limechukua nafasi ya petroli na mchanganyiko umekuwa mwembamba zaidi. Oili ya gari ya 40 haina kazi hapa.

Spea: ipi inalipa

Seti za bei ya chini zenye silinda, pistoni na gasketi ndani ya boksi moja zisizo na jina zinavutia, hasa baada ya pistoni ya pili. Alama zetu: 2 kati ya 5. Silinda yenyewe mara nyingi inafaa, ila kingo za milango zinakuja kali kama zilivyotoka kwenye mashine, na ringi ikipita juu ya ukingo mkali wa egzosi inanasa na kukatika. Kingo hizo zinatakiwa kulainishwa kwa jiwe dogo kabla ya kufunga. Mwanya wa pistoni nao hubahatisha. Beringi ya pini iliyomo ndani, usiitumie; nunua ya Yamaha au ya kampuni ya Kijapani inayojulikana.

Pistoni ya kutupwa kwenye kalibu, kama ya kiwandani, 4 kati ya 5 kwa matumizi ya kawaida. Inatanuka kidogo, kwa hiyo inakaa kwenye mwanya mdogo na haipigi kelele ikiwa baridi. Udhaifu wake ni sketi, inayovunjika ikisagwa na vumbi. Pistoni ya kufuliwa, kama za Wiseco, ni ngumu kuvunjika, nayo tunaipa 4 vilevile. Haipati 5 kwa sababu inatanuka zaidi na inataka mwanya mkubwa zaidi pamoja na dereva anayesubiri injini ipate joto. Kwa kipenyo hiki karatasi ya kwenye boksi kwa kawaida itadai takriban milimita 0.06 hadi 0.08. Fuata karatasi hiyo, na mpe fundi wa kubori pistoni mkononi ili abori kwa kuipima. Asibori kwa namba ya oversaizi iliyoandikwa juu ya boksi.

Silinda ikirudi, pima juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili. Sukuma ringi ndani kwa kutumia pistoni ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha kwa fila geji: inchi 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo, yaani karibu milimita 0.26 kwa silinda ya 66. Osha silinda kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe. Mshale wa pistoni uelekee egzosi, na ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake.

Kabla ya kufunga yote hayo, tikisa konrodi juu na chini. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida, ila juu na chini isicheze hata chembe. Na kama pistoni ya awali ilivunjika vipande, kumwagia petroli na kugeuza injini juu chini hakutoshi. Chembe za aluminiamu hukaa kwenye beringi kuu na chini ya kranki, kisha hupanda na mchanganyiko hadi kwenye pistoni mpya. Kesi ifunguliwe. Hapa ndipo gharama inapouma, na ndipo wengi wanapokwepa.

Kuzoesha injini ni kazi fupi: washa, acha ipate joto la kuguswa kwa mkono, zima, ipoe kabisa, rudia mara tatu, kisha endesha tangi la kwanza kwa kubadilisha resi bila kuishikilia yote.

Ukienda kuikagua

Nenda na geji ya mgandamizo na tochi. Sisitiza injini iwe baridi ukifika. Iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha jambo. Ukipiga kiki huku resi iko wazi yote, kwenye usawa wa bahari injini yenye afya huonyesha takriban psi 110 hadi 130. Chini ya 100 panga kuifungua. Ikizidi sana, uliza kuhusu hedi. Kunja mpira wa kabureta kwa vidole na umulike mikunjo. Tazama kama mfumo wa TORS, ule unaokata moto pale kidole kinapoachia resi na kabureta isijifunge, upo au umetolewa. Kutolewa kwake si kosa, ila waya zilizokatwa na kuachwa zikining'inia zinakwambia ni fundi wa aina gani alikuwa ndani ya injini.

Uliza pia silinda imefika oversaizi ya ngapi. Iliyobaki na nafasi ya kubori mara mbili au tatu ina thamani kuliko plastiki mpya na stika. Kwa anayependa kushika spana na yuko tayari kuchanganya mafuta kwa kipimo, Blaster inapata 4 kati ya 5. Kwa anayetaka kukodisha watalii ufukweni, ambako kila dereva atavuta resi dakika ya kwanza na mchanga hauishi hewani, 1 kati ya 5. Atafute ya mipigo minne.